Moto gani inavumilia? Namna wamotari wa Kalemie wanavyochagua marki na sababu za kushikamana nayo

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Pale wamotari wanapongojea wateja, iwe pembeni ya bandari, karibu na gare ao mbele ya soko, mabishano hayakosekani. Kuna ya mupira, kuna ya bei ya esansi, lakini yanayorudi kila siku ni haya: moto gani ni nguvu? Mumoja anaapa kwa TVS, mwengine kwa Boxer, wa tatu anatetea moto yake ya Kichina ambayo wenzake wanaicheka. Mutu anayepita anaweza kufikiri ni masimulizi ya vijana ya kupitisha wakati. Sivyo. Kwa wengi wao moto ndiyo shamba, ndiyo duka, ndiyo makuta ya masomo ya watoto. Tena mara nyingi si yao bado: wanailipa kidogo kidogo. Kuchagua vibaya kunaweza kumwachia mutu deni na injini iliyokufa.

Makala hii inaeleza marki zinazojulikana, zilikotoka, sababu zinazofanya motari asibadilishe jina kirahisi, na mambo ya kuangalia kabla ya kutoa makuta.

Muji wa magurudumu mawili

Kalemie, zamani Albertville, ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Muji umelala kwenye ukingo wa ziwa, pale muto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Komini zake tatu, Lac, Lukuga na Kalemie, zimetandazwa katikati ya maji na vilima, na basi ya watu wote ni haba. Zamani, mutu ambaye hakutaka kutembea kwa miguu alipanda kinga. Leo kinga zingali zinabeba makala na mihogo, lakini abiria wamehamia kwenye moto.

Nje ya muji, moto si njia ya haraka tu. Mara nyingi ndiyo njia peke yake. Barabara ya kaskazini inapita Bendera kwenda Fizi na Uvira. Ile ya magaribi inaenda Nyunzu. Ya kusini inaenda Moba, na huko milima ya Marungu inaanza kupanda. Wakati wa mvua, kutoka mwezi wa kumi mpaka wa ine hivi, camion zinaweza kukwama siku nyingi ndani ya matope, lakini moto inatafuta kanjia pembeni na kupita. Inabeba mugonjwa, mama mwenye mimba, mwalimu anayeenda kuchukua mushahara, gunia la ndakala kavu, bidoni za mafuta ya ngazi. Reli ya kwenda Nyunzu na Kabalo iko, lakini treni haipiti kila siku.

Kwenye barabara hizo, moto kuharibika si kuchelewa tu. Wakati wa mapigano kati ya Wabatwa na Wabantu, hasa mwaka 2016 na 2017, watu wengi wa jimbo hili walikimbia vijiji vyao, na mpaka leo kuna sehemu ambapo mutu hapendi giza limkute njiani. Ndiyo maana motari wa safari ndefu hamuulizi muuzaji kwanza habari ya mwendo wala ya rangi. Anauliza kama moto itamurudisha nyumbani.

Majina yanayosikika

Mashariki ya Kongo, majina mawili ya Kihindi ndiyo yanayotajwa sana: TVS na Bajaj.

TVS Motor ni kampuni ya kusini mwa India. Herufi zake tatu zinatokana na jina la mwanzilishi wa jamaa ya makampuni hayo, T. V. Sundram Iyengar. Kwa miaka karibu 20, kuanzia 1982 mpaka 2001, ilishirikiana na Suzuki ya Japani, kisha ikaendelea peke yake. Mwaka 2013 ilianza kuuza Afrika moto inayoitwa HLX, iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi ya kubeba watu na mizigo. HLX 125 ina injini ya sentimita za ujazo 124.5, inapozwa na upepo, na haina mambo mengi ya kielektroniki. Kiti chake ni kirefu na nyuma kuna chuma imara cha kufungia mizigo. Hiyo ndiyo moto ambayo wengi wanaiita tu “TVS”, kana kwamba kampuni haitengenezi kingine.

Bajaj Auto ni ya Pune, magaribi mwa India. Yenyewe ilijifunza ufundi wa moto kwa kushirikiana na Kawasaki ya Japani, na moto yake inayojulikana Afrika ni Boxer. Boxer ziko za ukubwa mbalimbali. Ile ya 100 ina pistoni ya upana wa milimita 53 inayosafiri milimita 45. Ile ya 150 kwa kweli ni sentimita za ujazo 144.8: pistoni ina upana wa milimita 56 lakini inasafiri milimita 58.8. Namba hizo si za wasomi tu. Pistoni inayosafiri mbali kuliko upana wake inatoa nguvu ya kuvuta hata kama injini inazunguka polepole. Ndiyo sababu watu wa milima na mizigo mizito wanaisifu Boxer ya 150: inapanda bila kupiga kelele nyingi.

Ngambo ya ziwa, Tanzania, jina la Bajaj limegeuka kuwa jina la kitu. Mutu wa Kigoma akisema “bajaji”, anasema ile ya magurudumu matatu, hata kama imetoka kwenye kiwanda cha TVS. Jina likifika pale, kampuni haihitaji tena matangazo.

Kisha kuna moto za Kichina: Haojue, Haojin, Senke, Lifan na nyingine nyingi. Kosa kubwa ni kuziweka zote ndani ya kapu moja. Haojue, kwa mufano, ni kiwanda kikubwa cha Jiangmen, jimbo la Guangdong, ambacho kimefanya kazi na Suzuki kwa miaka mingi. Haojin ni kampuni nyingine kabisa, hata kama majina yanafanana sikioni. Nyingine ni majina yanayobandikwa na muagizaji: leo yako sokoni, kesho muagizaji amebadilisha biashara, na jina limekufa pamoja na mapiesi yake.

Mwisho kuna Yamaha AG100, ile ambayo watu wanaiona kwa wauguzi wa zone za afya, kwa mapadri na kwa mashirika. Herufi AG zinatoka kwenye neno la kilimo, kwani ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Australia na New Zealand. Shene yake imefunikwa yote, mbele na nyuma kuna vyuma vya mizigo. Inavumilia sana, lakini injini yake inachoma mafuta ya injini pamoja na esansi, na bei yake iko mbali na mufuko wa motari. Kwa hiyo imekuwa moto ya kuheshimiwa, si moto ya taxi.

Babu wa moto nyingi: Honda CG125

Ili kuelewa kwa nini moto nyingi za Kichina zinafanana tumboni, inafaa kurudi mwaka 1976. Mwaka huo Honda ilitoa CG125. Wahandisi wake walikuwa wametambua kwamba katika inchi nyingi watu wanabebesha moto kupita kipimo na hawafanyi vidanji kwa wakati. Moto za namna nyingine zilizokuwa na kamshafu juu ya silinda ziliumia haraka kwa matumizi hayo. Basi CG125 ikapewa injini ya mutindo wa zamani zaidi: kamshafu iko chini, na vijiti viwili vya chuma vinasukuma valvu kutoka chini. Hakuna shene ya ndani ya kulegea. Mwendo wake si mukubwa, lakini fundi wa kijijini anaweza kuifungua na kuirudisha.

Viwanda vya China viliiga injini hiyo, tena kwa wingi mno. Leo mutu akiinama na kusoma namba iliyochongwa kwenye injini ya moto nyingi za Kichina, ataona 156FMI ao 162FMJ. Namba ya kwanza, 1, inasema silinda ni moja. Namba mbili zinazofuata zinataja upana wa pistoni kwa milimita: 56 kwa moto za 125, 62 kwa zile za 150. Herufi F inasema injini inapozwa na upepo, M ni moto, na herufi ya mwisho inaonyesha ukubwa.

Faida yake ni kubwa. Moto mbili zenye majina tofauti kwenye tanki zinaweza kubadilishana piesi nyingi za injini kama namba hiyo ni moja. Motari wa Kichina anayejua namba ya injini yake haogopi jina likipotea sokoni. Asiyejua anazunguka duka kwa duka akiuliza jina ambalo muuzaji hajalisikia.

Lakini TVS HLX na Boxer hazimo ndani ya ukoo huo. Pistoni ya HLX 125 ina upana wa milimita 57, ya Boxer 100 ni 53, na kila moja inahitaji piesi zake. Hapo ndipo ushabiki wa marki unapopata mizizi.

Kwa nini motari habadilishi jina

Sababu ya kwanza ni njia ya mapiesi. Kalemie haiko pembeni ya bahari. Vitu vingi kutoka India na China vinashukia Dar es Salaam, vinasafiri kwa reli ao barabara zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Kigoma, kisha vinavuka ziwa kwa mashua. Vingine vinapitia Uvira. Kila hatua kuna mutu anayelipwa. Mufanyabiashara mwenye akili habebi piesi itakayolala dukani mwaka muzima. Anabeba ile inayoulizwa kila siku. Kwa hiyo marki yenye moto nyingi barabarani ndiyo yenye piesi nyingi sokoni, na marki yenye piesi nyingi ndiyo watu wanazidi kununua. Ni muzunguko. Moto mupya yenye jina geni inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini ikikosa pete ya pistoni wiki mbili, kwa mwenyewe ni sawa na mbaya.

Sababu ya pili ni fundi. Mafundi wengi wa moto hawakujifunzia shuleni. Walijifunza kwa kufungua na kufunga chini ya muti ao kwenye kibanda. Fundi aliyefungua TVS mara mia anajua sauti yake ikianza kubadilika. Akiletewa moto asiyoizoea, anajifunza juu ya mgongo wa mwenye moto. Motari anapobadilisha marki, anabadilisha fundi pia, na uaminifu kwa fundi mara nyingi ni mukubwa kuliko uaminifu kwa kiwanda.

Sababu ya tatu ni bei ya kuuza tena. Moto ni akiba ya jamaa. Mtoto akilazwa hospitali ao kilio kikitokea, moto inauzwa. Marki inayojulikana inapata mununuzi haraka. Ile isiyojulikana inauzwa kwa bei ya kuomba.

Sababu ya ine ni verseman. Vijana wengi hawana makuta ya kununua moto kwa mara moja. Mwenye moto anawapa, nao wanamutolea kiasi kilichopatanwa kila siku ao kila wiki. Kuna mapatano ya namna mbili. Katika ya kwanza, moto inabaki ya patroni siku zote. Katika ya pili, motari akimaliza kiasi chote, moto inakuwa yake. Katika mapatano haya ya pili, swali la marki linakuwa swali la maisha: siku ya mwisho ya kulipa, injini itakuwa ingali na nguvu, ao kijana atapewa chuma cha kuuza kwa kilo?

Hesabu yake ni rahisi. Motari anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, moto yake ikilala kwa fundi siku 4, amepoteza zaidi ya sehemu moja ya saba ya mwezi. Mapatano mengi hayasamehe siku hizo: verseman inangojewa, na fundi pia anangojea. Tena abiria analipa kwa franka, lakini bei ya piesi kubwa inahesabiwa kwa dola. Franka ikishuka, ile pete ya pistoni inapanda bei hata kama dukani haijaguswa.

Ndiyo maana patroni wengi wanachagua marki wenyewe, bila kumuuliza dereva. Wanataka moto ambayo piesi zake wanajua bei, ili dereva asiwadanganye. Na dereva naye anataka ile anayojua, ili patroni asimulaumu kwa uharibifu wa kiwanda.

Sifa nyingine si za moto

Pamoja na sababu hizo za kweli, kuna ushabiki mutupu. Motari aliyenunua moto kwa taabu hapendi kusikia kwamba alikosea. Ataisifu hata ikiwa kila wiki iko kwa fundi. Mwengine anahukumu marki nzima kwa sababu ya moto moja aliyoinunua ikiwa imechoka. Mwengine anasema moto za zamani zilikuwa nzuri kuliko za leo, bila kukumbuka kwamba zile mbaya za zamani zilikwisha kutupwa, na anazoziona leo ni zile zilizovumilia tu.

Namna ya kupima maneno ya sifa ni kuuliza mambo matatu: moto ilinunuliwa mupya ao iliyotumika? Inafanya kazi ndani ya muji ao barabara ya Moba? Inafanyiwa vidanji kila baada ya muda gani? Moto mbili za marki moja, moja ikibeba abiria mumoja kwenye lami na nyingine ikibeba watu watatu na gunia kwenye mawe, haziwezi kuzeeka pamoja. Jina kwenye tanki halijui tofauti hiyo, lakini pete za pistoni zinaijua.

Piesi za uongo: ugonjwa wa marki inayopendwa

Marki ikipendwa, inaigwa. Pakiti yenye jina la TVS ao Bajaj inaweza kuwa na kitu ambacho kampuni hizo hazijakiona. Piesi zinazoigwa sana ni zile zinazochakaa haraka: shene na magurudumu yake ya meno, sahani za ambriyaji, viatu vya fren, bujii, filta, pete za pistoni. Hatari si ya makuta tu. Viatu vya fren vya uongo vinaweza kushindwa kwenye mteremuko, na shene ikikatika katika mwendo inaweza kufunga gurudumu la nyuma.

Hakuna alama moja inayotosha, lakini mafundi wenye uzoefu wanatumia njia hizi:

– Kwenda dukani na piesi ya zamani mkononi, kulinganisha uzito, unene na matundu. Chuma cha uongo mara nyingi ni chepesi.

– Kusoma namba ya piesi kwenye pakiti na kwenye piesi yenyewe. Maandishi yenye makosa ao wino unaofutika kwa kidole ni ishara mbaya.

– Kuogopa bei ya chini sana. Muuzaji hawezi kulipa mashua, ushuru na reli, kisha auze kwa nusu ya bei ya wenzake.

– Kununua kwa mutu mumoja anayejulikana na kuomba karatasi ya duka. Mwenye duka anayejua mteja atarudi kesho hapendi kumuuzia uchafu leo.

Kuna pia piesi ambazo hazina jina la kiwanda lakini si za uongo: zimetengenezwa na kampuni nyingine, na zinasema hivyo wazi. Hizo zinaweza kufaa. Ubaya ni ile inayovaa jina la mwengine.

Kinachoua moto Kalemie

Mafundi wakifungua injini zilizokufa, wanakuta sababu zilezile, marki yoyote.

*Mafuta ya injini.* Moto hizi zinatumia karibu litre moja tu. Kiasi hicho kidogo kinafanya kazi zote: kulainisha, kupoza na kubeba uchafu. Kikipungua nusu, pistoni inaanza kukwaruza silinda. Vitabu vya viwanda vingi vinaomba vidanji kila kilomita 2,000 ao 3,000. Lakini motari wa taxi ndani ya vumbi na joto, anayesimama na kuondoka mara mia kwa siku, anafanya vema kuwahi kuliko kungojea. Jambo la pili ni aina ya mafuta. Katika moto hizi ambriyaji inaogelea ndani ya mafuta ya injini. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kupunguza musuguano, na dawa hiyo inafanya ambriyaji iteleze: injini inapiga kelele, moto haiendi. Chupa ya mafuta ya moto ina alama 4T na maandishi JASO MA ao MA2. Hayo ndiyo ya kutafuta.

*Vumbi.* Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi la barabara linaingia kila mahali. Filta ya hewa ikijaa, moto inakunywa esansi nyingi na kukosa nguvu. Wengine wanaitoa kabisa ili moto “ipumue”. Ni kama kumwaga muchanga ndani ya silinda. Filta ya sponji inafuliwa kwa maji na sabuni, inakaushwa, inapakwa mafuta kidogo. Filta ya karatasi haifuliwi: inakung’utwa, na ikichoka inabadilishwa.

*Esansi ya chupa.* Kwa kadafi wa barabarani, esansi inaweza kuwa na maji ao takataka. Kitambaa safi juu ya mudomo wa tanki na filta ndogo kwenye mupira wa esansi vinagharimu kidogo kuliko kusafisha karburateri kila wiki.

*Maji.* Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwaka 2021, na tena mwaka 2024, likafunika nyumba na barabara za ukingoni. Moto iliyozama ndani ya maji mpaka injini isiwashwe. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyapiga, kijiti chake kinapinda. Inafaa kutoa bujii, kumwaga maji, kukausha karburateri na filta, kisha kuangalia mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na lazima yamwagwe yote. Tena fren za moto nyingi ni za ngoma: zikilowa hazikamati. Baada ya kuvuka maji, zikanyagwe polepole mara kadhaa mpaka zirudishe nguvu, kabla ya kupata mteremuko.

*Mzigo.* Watu watatu nyuma ya dereva, ao gunia mbili za mahindi, vinaumiza amortiseri, ringi na ambriyaji. Kila kiwanda kinaandika kipimo cha mzigo ndani ya kitabu cha moto. Kitabu hicho mara nyingi kinabaki ndani ya nailoni yake, kwa sababu kimeandikwa Kiingereza. Motari anayemjua mutu wa kumusomea ukurasa ule mumoja amepata faida.

*Shene.* Shene iliyokazwa sana inakula meno na kuvunja beringi, iliyolegea inaruka. Katikati yake inatakiwa kucheza sentimita 2 mpaka 3 hivi.

Kabla ya kununua

Kwa mutu anayetaka moto ya kazi, iwe mupya ao iliyotumika, haya ni maswali ambayo wamotari wa siku nyingi hawaachi kuuliza:

1. Duka ngapi za Kalemie zinauza piesi zake? Ikiwa ni moja tu, mwenye duka ndiye atakayeamua bei.

2. Fundi wangu anaijua? Inafaa kumuuliza yeye kabla ya muuzaji.

3. Pneu zake ni za kipimo gani? Boxer zinatumia ringi za inchi 17. Moto nyingi za ukoo wa CG zinatumia 18. Pneu ya moja haiingii kwa nyingine.

4. Namba ya chasi na ya injini zinalingana na papye? Namba iliyokwaruzwa ni alama ya moto ya wizi, na polisi ataichukua siku moja, hata ukiwa uliilipa kwa jasho.

5. Ikiwa imetumika: inawaka ikiwa baridi? Moshi wa bluu ni mafuta yanayoungua, na mara nyingi pete zimekwisha. Muuzaji anayekuja na moto imekwisha kupashwa joto anaweza kuwa anaficha jambo.

6. Ikiwa ni ya verseman: mapatano yameandikwa? Ni nani anayelipa piesi kubwa? Siku za garaji zinahesabiwa namna gani? Moto inageuka kuwa ya dereva siku gani, na papye zitaandikwa jina la nani?

Swali hili la sita ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloleta kesi nyingi. Vijana wanajua kutofautisha TVS na Boxer kwa sauti tu, usiku, bila kuona, lakini wanakubali mapatano ya mwaka muzima kwa mudomo. Karatasi moja, sahihi mbili na shahidi mumoja vinamlinda patroni na vinamlinda dereva.

Likelemba nazo zinasaidia. Wamotari kumi wanaotoa kidogo kila siku wanaweza kumupa mumoja wao, kwa zamu, makuta ya kubadilisha pistoni bila kukopa. Wakiwa wote na marki moja, wanaweza hata kuagiza piesi pamoja kutoka Kigoma na kugawana gharama ya mashua. Hapo kushikamana na jina moja kunaleta faida inayohesabika: piesi ya rafiki inaingia kwenye moto yako, fundi ni mumoja, na mwenye kukwama njiani ya Bendera anajua kwamba motari wa kwanza atakayepita anaweza kuwa na bujii inayomufaa mufukoni.